Nilipopunguziwa Tumbo

Miaka ile nikifundisha shule ya msingi Nshamba, nilikuwa mnene kuliko walimu wote, na nilijivunia. Nikitoka kanisani Jumapili wanawake walinisifu: "Mwalimu, bwana anakutunza!" Mume wangu akasimama wima zaidi.

Kisha kiu ikaanza. Namaliza mtungi wa maji kabla ya mapumziko, watoto wa darasa la tatu wakinitazama kwa mshangao. Mume wangu, mkulima wa kahawa asiye na maneno mengi, ndiye aliyeona sisimizi wamejaa nyuma ya nyumba, pale nilipokuwa nikienda haja ndogo.

"Hii ni sukari," akasema. "Babu yangu alianza hivi hivi."

Hospitali ya misheni wakathibitisha. Sista wa maabara alichemsha mkojo wangu pamoja na dawa ya buluu ndani ya kichupa chembamba, ikageuka nyekundu kama tofali, ishara ya sukari nyingi; isingekuwepo, ingebaki buluu. Tangu siku hiyo nikawa najidunga sindano kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Dawa tuliiweka ndani ya chungu chenye maji, kwenye kona ya nyumba isiyofikiwa na jua.

Tena nilikuwa na vidonda vya tumbo tangu ujana. Msimu mmoja wa kuchuma kahawa nikaanza kutapika kila nilichokula. Daktari, mzungu mrefu aliyezungumza Kiswahili cha taratibu, akatueleza kwamba kovu la kidonda limeziba njia ya chakula. Itabidi akate sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo, na kinachobaki akiunganishe na utumbo.

"Atabaki na tumbo la kulia ndizi?" mume wangu akauliza.

"Atakula. Kidogo kidogo."

"Mhaya ale ndizi kidogo kidogo?"

Daktari akacheka. Nami nikacheka, ingawa nilikuwa na hofu kubwa, na nikakubali.

Upasuaji ulienda salama. Nilipoanza kunywa uji likatokea jambo ambalo hatukulitazamia. Baada ya sindano yangu ya kawaida nilitetemeka, jasho likanitiririka, nikamwona sista mmoja kama wawili. Sukari ilikuwa imeshuka mno, wakaninywesha maji ya sukari haraka. Mimi, mgonjwa wa sukari! Wakapunguza dawa, kisha wakapunguza tena. Wakati huo bado nilikuwa mnene vilevile, nguo zote zinanibana.

Asubuhi moja sista aliingia wodini amekinyanyua kile kichupa juu. Dawa imechemka na imebaki buluu. Daktari akadhani mikojo imechanganywa. Akaamuru nipimwe upya, safari hii yeye mwenyewe akiwa amesimama kando ya moto. Buluu.

"Mama mwalimu, umefanya nini?"

"Mimi nimelala tu, daktari. Wewe ndiye uliyefanya."

Akaniambia amewahi kusikia mambo kama hayo kwa wagonjwa waliokatwa tumbo, ila sababu yake haijui, na hawezi kuniahidi kwamba hali itadumu. Niache sindano kwa sasa, lakini nirudi kupimwa kila mwezi. Nilirudi nyumbani nikiimba njia nzima, mume wangu akinionya nisifumue mshono.

Mama mkwe alikuwa amenipikia ndizi na maharage, sinia limejaa. Nikala matonge machache, nikashiba.

"Mwanangu, ndizi zangu zina kasoro?"

"Hapana, Mae. Ni mimi niliyepunguzwa."

Akalazimisha angalau ninywe maji ya ndizi mbivu. Nikanywa kikombe kizima ili nisimuudhi. Utamu ule ukashuka moja kwa moja utumboni, na muda si muda moyo ukanienda mbio, nikalazwa mkekani huku nimeloa jasho. Kuanzia hapo yeye mwenyewe akawa mlinzi wangu: ananipakulia kwenye kisahani, na mgeni akinishawishi niongeze, anamkemea.

Mwili ukapungua miezi iliyofuata. Majirani walinong'ona kwamba naondoka duniani. Kweli damu ilipungua kidogo, nikapewa vidonge na sindano za vitamini. Lakini kiu iliisha, macho yakaona ubao vizuri, na kila mwezi kule maabara dawa iligoma kugeuka.

Mnong'ono uliisha siku ya kazi kwenye shamba la kijiji. Zamani nilikuwa nakaa kivulini kuandika mahudhurio. Safari hii nilichukua jembe, nikalima mstari mmoja na wanawake wengine hadi mwisho, nikageuka, nikaanza mwingine.

"Waitu, jamani!" mmoja akapaza sauti. "Huyu tuliyekuwa tunamlilia, mbona anatuacha nyuma?"

Mistari yote ikasimama kwa kicheko. Mwenyekiti wa kijiji akatuamuru tuendelee, naye mwenyewe akishindwa kujizuia.

Krismasi ile mama mkwe alipeleka gauni langu kubwa la maua kwa fundi cherehani. Likatoa mashati ya wanangu wote wawili, na kitambaa kikabaki. Mume wangu akaomba naye ashonewe. Tukaingia kanisani, wao watatu wamevaa maua yangu, mimi nikitangulia katika gauni jipya jembamba, na kwaya ikakosea kuanza wimbo kwa sababu ya kututazama.