Pengwini wa Upande wa Pili

Zoraida Huarcaya ana makovu kumi na moja kwenye mkono wa kushoto, na yote ni ya midomo ya pengwini. Ukimwuliza atakuonyesha moja baada ya jingine na kukutajia mwaka. Pengwini si mdoli. Anakaa shimoni na kifaranga wake, analia kama punda, na ukiingiza mkono bila kumbana shingo kwanza, anakutoa nyama. Watu wa mjini wakisikia kuna mtu aliyesomea ndege hawa mpaka akapata udaktari, hucheka hadi machozi. Waje wamshike mmoja kwanza, ndipo wacheke.

Kazi yenyewe ni hii. Anamkamata mzazi anayetoka kwenda baharini, anambandika mgongoni kifaa kidogo kuliko kiberiti kwa utepe mweusi, kisha anamwachia. Ndege anakwenda kutafuta dagaa, na kifaa kinaandika kila alikopita na kila alipozamia. Kesho yake au keshokutwa anarudi kulisha kifaranga, Zoraida anakibandua. Asiporudi, kifaa kimekwenda na habari zake. Ndiyo maana kazi hufanyika miezi ya vifaranga tu. Miezi mingine ndege hana sababu ya kurudi kwenye shimo lilelile.

Ameifanya miaka kumi na minne hapa Punta Hueca, rasi ileile ambako baba yake, mtu wa milima ya Ayacucho, alikwangua samadi ya ndege, inayouzwa kama mbolea, hadi mapafu yakamshinda. Samadi hiyo hutoka kwa minandi, ndege wa baharini wenye shingo ndefu. Wao ndio wenye rasi. Hutaga juu ya kilima cha katikati, maelfu kwa maelfu, hata ardhi haionekani. Pengwini ni wapangaji tu, wengine ufuko wa kusini, wengine wa kaskazini.

Na walinzi wa samadi wana sheria yao. Tangu yai la kwanza hadi kifaranga wa mwisho, hakuna mtu kuvuka kilima. Minandi wakishtuka na kuruka, shakwe wanashuka na kumaliza mayai kabla hujameza mate. Mzee Nicanor, mlinzi mkuu, aliwahi kumfukuza mkaguzi mzima kutoka Lima kwa kosa la kupiga chafya. Zoraida aliiheshimu sheria hiyo kuliko mtu yeyote, kwa kuwa amezaliwa nayo. Akafanya kazi ufuko wa kusini, ambako unafika bila kuvuka kilima, kwa njia ya chini ya ukuta wa walinzi. Wa kaskazini aliwatazama kwa darubini.

Ramani yake ilikuwa safi: pengwini wa Punta Hueca huenda kusini. Miaka tisa iliyopita aliitandika mezani katika ukumbi wa Caleta San Lázaro, kijiji cha wavuvi kilicho jirani, na wakubwa wa serikali wakapiga marufuku nyavu katika bahari ya kusini miezi ya vifaranga. Siku hiyo Abelino Tasayco, aliyekuwa akivua huko na boti lake tangu ujana, alisimama.

"Dada Zoraida, mimi huwaona wengi zaidi kaskazini. Kila asubuhi nikitoka gatini."

"Macho hayaandiki namba, kaka Abelino," alimjibu.

Ukumbi ukaangua kicheko. Abelino akakaa chini, akahamishia nyavu zake kaskazini, na tangu siku hiyo hakumwita tena dada. Akikutana naye gatini ni "Daktari", basi.

Mwaka huu bahari ilipata joto. Dagaa wakazama chini kusikofikika, na minandi wakayatelekeza mayai yao, wakaondoka wote ndani ya wiki moja. Kilima kikabaki kitupu katikati ya Novemba. Mzee Nicanor alikitazama kama mtu aliyeibiwa.

"Haya, binti," akasema. "Leo pita. Hakuna wa kushtuka."

Zoraida akavuka. Upande wa pili pengwini walikuwa wamebaki, wamekonda lakini wamo, na alipoyahesabu mashimo alikuta wawili kati ya kila pengwini watatu wa Punta Hueca wanaishi huko. Alibandika vifaa sita. Vitano vilirudi.

Aliifungua kompyuta jikoni kwa walinzi, mahindi ya kukaanga yakipoa sahanini. Mistari yote mitano ilikwenda kaskazini. Hata mmoja haukukata kona.

"Kwani ulidhani wanazunguka rasi nzima kwenda kula kusini?" Nicanor akauliza, akitafuna. "Hata mimi nakula kwenye jiko lililo karibu."

"Na wewe ulijua? Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Uliuliza kama unaweza kupita, nikakwambia hapana."

Zoraida aliifunga kompyuta. Miaka kumi na minne alikuwa amewapima ndege wa njia rahisi na kuwasemea wote. Aliona aibu, aibu ya kweli ya kuchoma masikio, na mkutano mwingine wa ukumbini ulikuwa siku nne mbele. Wakubwa walikuwa wanakuja kuutia saini mstari wa kudumu wa kuzuia nyavu, kwa ramani yake: kusini kufungwa miezi ya vifaranga, kaskazini kuachwa wazi mwaka mzima. Akinyamaza, theluthi mbili za pengwini watalea vifaranga kwenye maji yaliyojaa nyavu. Akisema, atakayeumia kwanza ni yuleyule aliyemwambia ukweli.

Akapiga moyo konde, akaenda gatini. Abelino alikuwa anashona wavu.

"Umekuja kunipa habari au kuniomba kitu, Daktari?"

"Yote mawili."

Akamweleza bila kuficha. Abelino hakuinua kichwa mpaka alipomaliza.

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi."

"Ulikuwa sahihi. Nikakufanya uchekwe mbele za watu. Nisamehe."

"Na kwa kuwa nilikuwa sahihi, nipokonywe hata kaskazini." Akakata uzi kwa meno. "Omba basi, nikusikie."

"Ndege watano ni wachache. Watasema ni mwaka wa joto, mambo hayako sawa. Wewe una miaka tisa ya kuwaona. Simama uwaambie."

"Si ulisema macho hayaandiki namba?"

"Nilisema."

"Basi nenda na namba zako," akasema, akaurudia wavu.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Zoraida alitandika ramani mbili, ya zamani na mpya, akasema kwamba ya zamani ilikuwa nusu, na kosa ni lake. Mwenyekiti, mama mmoja wa Lima mwenye miwani shingoni, alizitazama kwa muda.

"Daktari, miaka tisa iliyopita ulituambia una hakika."

"Nilikuwa na hakika ya upande mmoja."

"Na leo unatuletea ndege watano, wa mwaka mbaya. Huu si ushahidi wa kufunga bahari. Kuna mwingine mwenye la kusema? Kama hakuna, tunatia saini kama ilivyoandikwa."

Wavuvi walianza kugongana viwiko kwa furaha. Zoraida hakuthubutu kutazama nyuma. Kalamu ilikuwa imeshafunguliwa kifuniko aliposikia kiti kikisukumwa.

"Mimi ninalo," alisema Abelino Tasayco. "Wanatoka saa kumi na mbili asubuhi, makundi ya thelathini, arobaini. Wanapita kati ya Jino, lile jiwe refu, na ufuko. Mwaka wa baridi wanakula karibu, mwaka wa joto wanakwenda mbali, lakini njia ni hiyohiyo. Miaka tisa. Wengine nimewanasua kwenye wavu wangu kwa mikono hii. Wengine sikuwawahi wakiwa hai."

"We Tasayco, una wazimu?" mtu akapaza sauti. "Unatumaliza!"

Mwenyekiti alivaa miwani. "Bwana, unafahamu unachosema? Hapo si ndipo unapovua?"

"Ninajua ninapovua. Andika."

Akaandika. Jioni ile mstari ulipotiwa saini ulikuwa umepita pande zote mbili za rasi, miezi yote ya vifaranga, na wavuvi walitoka bila kumuaga yeyote. Abelino walimpita kama hawamjui.

Zoraida alimkuta nje, karibu na mlango, kofia mkononi. Alimwendea kumshukuru, ramani zake kifuani. Abelino ndiye aliyeanza.

"Haya, dada," akasema taratibu, bila hasira. "Umejua wao wanakula wapi. Na mimi je?"

Akangoja. Hakuwa anamkomoa, alikuwa anauliza, kama mtu anavyomwuliza mwenye kujua. Na Zoraida Huarcaya, aliyefuatilia mlo wa ndege kwa miaka kumi na minne, hakujua la kumwambia.