Sabuni na Kitoto cha Sungura

Harufu ya sabuni ya mche hunitia kichefuchefu mpaka leo, kwa hiyo mkinikuta dukani nimeziba pua kwa kitenge msinicheke. Nitawaambia sababu yake, ila kama mnakula, wekeni sahani pembeni kwanza.

Nilikuwa na miaka minane, tukiishi Batsinda. Jumamosi moja ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, mtaa mzima ulitoka kufyeka nyasi nyuma ya nyumba zetu. Hapo ndipo nilipomkuta: kitoto cha sungura wa porini, mkubwa kidogo kuliko ngumi yangu, amelala kwenye kishimo, macho wazi, hatikisiki hata panga lilipopita karibu. Nikambeba.

Mama Hadija, jirani yetu fundi cherehani, aliacha jembe lake. "Rudisha hiyo kitu kule, ng'ambo ya mtaro, majani bado iko. Mama yake iko nakuja jioni."

"Mama gani anaacha mtoto peke yake?" nikamjibu kwa jeuri. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ukali wangu ulikuwa na chanzo. Mama yangu alichambua kahawa Gikondo. Aliondoka alfajiri, akarudi giza likiingia, na nikitoka shule nilijifungia ndani, marufuku kupiga kelele wala kumfungulia mtu. Nikaapa kwamba huyu wangu sitamwacha. Mama alimkubali kwa sharti moja, asichafue nyumba.

Kesho yake, Jumapili mchana, Mama akiwa nyumbani, nikamfuma sungura wangu. Alijikunja, akaingiza kichwa katikati ya miguu ya nyuma, akayapokea mavi yake laini, yenye utelezi, yakiwa yanatoka, akayameza. Halafu akalamba midomo. Na asubuhi hiyohiyo alikuwa amenilamba kidevu!

"Mana yanjye, Mungu wangu! Mama, iko nakula mavi yake!"

"Basi uioshe," Mama akasema, "ama itoke."

Nikamsugua mdomo kwa sabuni ya mche. Kila alipoinama, nikamsugua tena. Mwishowe nikamvisha shingoni duara la katoni, asifikie nyuma. Akaanza kuharisha. Mkojo wake ulikuwa mkali, manyoya yaligandamana kwa uchafu, kupe wakamtoka masikioni wakatambaa kwenye blanketi langu. Nilimwonea kinyaa hata kumshika, na bado nilimshika, nikamsugua. Siku ya nne nilimkuta amekauka, povu la sabuni limeganda pembeni mwa mdomo.

Nilikuwa mtu mzima daktari mmoja wa mifugo aliponieleza kwamba nyasi za sungura hupita tumboni mara mbili, na yale mavi laini ndiyo chakula chenyewe. Akanieleza pia kwamba sungura wa porini humwacha mtoto wake kutwa nzima ili harufu ya mama isiwavute wanyama wakali. Mtoto hukaa kimya, na mama hurudi jua likizama, akamnyonyesha dakika chache tu.

Nilienda nje nikatapika, jamani, kweli nilitapika.

Maana nilizikumbuka jioni zile. Mama sungura alikuwa akizunguka kando ya mtaro na maziwa yake, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango uliofungwa, kimya kama nilivyoagizwa, mikono inanuka sabuni, nikimsubiri mama yangu. Wangu alirudi, akanikuta.