Siku Nilipoenda Kudai Pampu

Kanisa letu hapa mtaani Munyaka huupa kila mwaka jina. Siku ya kwanza ya Januari mchungaji anatangaza, watu wanapiga makofi, na kabla mwezi haujaisha jina liko kwenye bango, kwenye fulana za kwaya na kwenye vioo vya magari. Mwaka juzi ulibatizwa Mwaka wa Kicheko. Mwezi wa saba nikamzika bwanangu. Basi Desemba ilipofika, akina mama wa kikundi chetu cha kanisa walipoanza kuniuliza nimejiandaaje kuupokea mwaka mpya, niliwaambia mwaka sio mgeni wa kutandikiwa kitanda, ukija utanikuta hapa hapa dukani. Walicheka kidogo tu, kwa sababu mjane huwezi kumjibu vile unavyotaka.

Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa, na nilichokiogopa ni shamba letu la Moiben. Tangu tuoane tuligawana kazi: duka langu, shamba lake. Mimi niliyajua mahindi yakishakuwa unga. Alipofariki yalikuwa ndiyo yanatoa mbelewele, na ndugu yake mdogo ndiye aliyeyasimamia mpaka yakavunwa. Tulimzika huko huko, karibu na ua, na tangu siku hiyo sikuwa nimekanyaga mahali hapo. Kila Jumapili nilipata sababu mpya ya kutoenda.

Wiki moja kabla ya Krismasi, shemeji yangu huyo akaja dukani.

"Shemeji, kuna mtu anataka kukodisha lile shamba. Ni mtu mzuri. Lakini ujue trekta zinaanza kupangwa, watu wanalima mwezi wa kwanza ardhi ikiwa kavu. Ukikaa sana utakosa mkodishaji na utakosa trekta."

"Na kaburi je?"

"Atalizunguka. Nimeongea naye."

Nikamwambia atapata jibu siku ya Mwaka Mpya, akija na familia kula chapati kama kawaida yetu. Simlaumu, alikuwa ananitafutia nafuu. Lakini lile neno, atalizunguka, lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa, mama yangu alitulea na sheria moja ambayo aliibeba alipohamia huku: kitu cha mtu hakivuki mwaka ndani ya nyumba yako. Sufuria, ungo, jembe, hata sahani uliyoletewa ikiwa na chakula, kirudi kwa mwenyewe kabla Desemba haijaisha. Nimeishikilia mpaka majirani wote wa ploti yetu wameambukizwa, hata wale wa kutoka upande wa ziwa waliokuwa wakitucheka. Ndiyo sababu siku mbili tatu baada ya Krismasi, jirani yetu mmoja aliyetoka huko ziwani, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuja dukani amebeba pampu ya kunyunyizia dawa, ile ya kuvaliwa mgongoni. Alikuwa ameiosha ikang'aa.

"Mama, hii ni ya Mzee. Aliniazima nilipopanda nyanya."

Sijui nilipandwa na nini. "Kaa nayo, fundi. Mimi nitamnyunyizia nani?"

"Lakini ni ya Mzee, Mama."

"Mzee hayuko! Nimesema kaa nayo."

Akasema asante kwa sauti ndogo, akaondoka nayo. Nikarudi kumpimia mteja sukari, nikaimwaga nusu kwenye kaunta. Ala! Hapo ndipo nilipoketi juu ya gunia la maharagwe nikajiuliza nimefanya nini. Jibu nililomwahidi shemeji, kumbe nilikuwa nimeshampa fundi. Mtu akigawa pampu yake, shamba ameliaga. Na sikuwa nimefikiria hata kidogo, nilikuwa nimefoka tu vile mtu hufukuza kuku. Nilijikasirikia mpaka nikakosa hamu ya chakula.

Asubuhi yake sikufungua duka. Nilivaa viatu vya gambuti, nikajifunga leso mbili kwa sababu ya baridi, nikaenda Moiben.

Nilikuta ng'ombe za watu ndani ya shamba wakila mabua, tena wametulia kabisa, kama waliokaribishwa. Ua ulikuwa umelala upande mmoja. Nilisimama penye kaburi nikaanza kung'oa magugu, na badala ya kuomba nikajikuta nagombana. Nilimwambia, wewe mwanamume, umeniachia ua umeanguka, umeniachia watu wananipangia, na hukuniambia hata mbolea ya kukuzia inawekwa lini. Ulifikiri utaishi milele? Nikalia. Sio kile kilio cha kanisani cha kujifuta na kitambaa, nililia kwa sauti mpaka ng'ombe mmoja akainua kichwa kuniangalia. Miezi yote hiyo nilikuwa nimelikimbia shamba kwa sababu nilijua nitalia hivyo. Nikalia, nikamaliza, na bado nilikuwa nimesimama.

Nikawafukuza wale ng'ombe. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeshafika, nikaufuata mpaka wote wa shamba. Nikaona mahali maji hutuama, nikaona nguzo zinazotaka kubadilishwa. Nilikuwa naongea peke yangu njia nzima: hapa tutazibua mtaro, hapa tutapanda maharagwe katikati ya mahindi. Nikajisikia nikisema hivyo. Tutapanda na nani? Nikarudia, polepole, "Nitapanda." Lilikuwa neno gumu, lakini lilitoka. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na mimi nguo nilikuwa nimeshavua.

Nikarudi Munyaka nikapitia moja kwa moja kwa fundi. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake, pampu iko mgongoni, ananyunyizia sukuma wiki.

"Fundi, nimekuja kuchukua pampu yangu."

Akageuka na pampu ikidondosha dawa. "Mama, si jana ulisema..."

"Jana nilikuwa mjinga. Leo nimepona."

"Haya basi, ngoja nimalize huu mstari."

Mtu mwingine angeona haya. Mimi nilisimama nikamngojea, na akiwa bado ananyunyizia nikamuuliza dawa inachanganywa vipi na maji, na mtu hutembea akiangalia upande upi upepo ukivuma. Alinieleza yote, kisha akanivika ile pampu nijaribu. Haki, ilikuwa nzito! Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi pia nikacheka. Niliibeba mwenyewe hadi nyumbani.

Siku ya Mwaka Mpya shemeji alikuja na watu wake. Nilipika chapati tangu asubuhi, na moyo wangu ulikuwa umetulia kuliko nilivyotarajia. Tulipomaliza kula akafuta mikono, akaniangalia.

"Haya, Shemeji. Nimwambie nini yule mtu?"

"Mwambie atafute kwingine. Nitalima."

Shemeji akaweka kikombe chini. "Shemeji, usikasirike. Wewe ni mtu wa duka. Na ukishindwa?"

"Nikishindwa, nitakuwa nimeshindwa kwangu."

Nilimtazama usoni, nikakumbuka kwamba yeye pia alizika ndugu. Basi akatoa simu mfukoni akampigia mwenye trekta. Wakasalimiana, wakatakiana heri. Nikasikia ile sauti ya upande wa pili ikimuuliza aje lini.

"Hapana, usiniulize mimi," shemeji akasema. "Ongea na mwenye shamba."

Akaninyooshea simu.