Mazuku ya Siberia

Mwalimu alipocheka, uvumilivu wangu uliisha. Hakucheka sana, ni kale kacheko ka puani, lakini binti yangu alikuwa amesimama kati yetu, soksi imelowa damu iliyotiririka kutoka gotini.

"Mama," mwalimu akaniambia, "Siberia iko mbali sana. Hakuna gesi hapa mtaani Yeoville."

Nikapiga meza yake kwa kiganja. Penseli zikamwagika.

"Mimi unaniambia ni mbali. Yeye ulimwambia nini?"

Kiingereza changu ni cha saluni, cha kumuuliza mteja anataka rasta nene au nyembamba. Siku ile kilitoka chenyewe.

Ilikuwa majira ya baridi, mwaka 2018, na binti yangu alikuwa na miaka minane. Wiki hiyo alirudi nyumbani na somo jipya. Kaskazini ya dunia, huko Siberia, alisema, kuna ardhi iliyoganda tangu zamani za zamani, ngumu kama jiwe, na ndani yake kuna majani, mizizi na wanyama waliokufa bila kuoza. Sasa dunia inapata joto, ardhi inayeyuka, vile vitu vinaanza kuoza na gesi inatoka. Gesi inaongeza joto, joto linayeyusha ardhi zaidi. Alinieleza kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia tu, huku kidole kinazunguka hewani kama gurudumu.

"Nani atalisimamisha?" akauliza.

Akauliza tena: hiyo gesi inanuka?

Hilo nililijua, au nilidhani nalijua. Mimi ni mtu wa Goma. Kwetu, chini ya volkano, ardhi hutoa gesi, na tunaiita mazuku. Huioni, huinusi. Ni nzito kuliko hewa, inatulia kwenye mashimo na mabonde. Mbuzi anashuka kula majani, hapandi tena. Mtoto anamfuata mbuzi, naye hapandi. Kila mama wa kwetu anamwambia mwanawe: usishuke shimoni asubuhi kabla upepo haujavuma, na ukiona mnyama amelala vibaya, kimbilia juu. Hatusemi hayo kumtisha mtoto. Ni kama hapa unavyomfundisha kusubiri kwenye robot, taa za barabarani, mpaka zibadilike. Basi nikamwambia kama nilivyoambiwa mimi.

Tangu hapo akakataa kulala kwenye godoro lake, kwa sababu liko sakafuni na chumba chetu kiko chini kabisa ya jengo. Alipanda mezani akakaa huko na blanketi. Jirani yangu, Mtanzania, alikuja kuazima pasi akamkuta.

"Shoga, mtoto amekuwa kuku? Mjengee tundu basi."

"Anaogopa gesi."

"Gesi gani? Wewe hata mtungi huna, unapikia umeme."

Tulicheka. Kisha nikatafuta makreti ya bia nikaliinua godoro. Nilimwambia mume wangu nafanya hivyo ili mtoto atulie, lakini na mimi nilikuwa naogopa. Nilikuja huku kusini nikidhani nimeiacha ardhi inayotoa pumzi mbaya, kumbe ipo nyingine, kubwa kuliko nchi, nayo inafunguka. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, wateja?

Ijumaa asubuhi tulipita kando ya bustani kwenda shule. Usiku ulikuwa wa baridi kali, na umande ulikuwa umegandia kwenye nyasi, mweupe, unakatika chini ya viatu. Jua likapanda juu ya majumba, likagusa nyasi, na mvuke ukaanza kuinuka kutoka kwenye udongo, polepole, bustani nzima.

Binti yangu akasimama. Akavuta sweta mpaka puani.

"Mama, inayeyuka."

Kabla sijaelewa, mkono wake ulikuwa umeshatoka mkononi mwangu. Alikimbilia juu, upande wa mlima ulio nyuma ya bustani, kama nilivyomfundisha. Kati yake na mlima kulikuwa na barabara.

Nilisikia breki za teksi. Nilimwona ameanguka kwa magoti mbele ya magurudumu, sweta bado iko puani, ameziba pumzi. Dereva akatoa kichwa dirishani, uso umemkauka. "Eish, dada, mshike mtoto wako." Hata matusi yalimshinda.

Ndivyo tulivyofika mbele ya meza ya mwalimu.

"Niliwaambia ukweli," alisema, akiokota penseli.

"Ni ukweli?"

"Ndiyo, Mama. Ni ukweli."

Nilitaka aniambie ni hadithi.

"Ni gesi ile ya kwetu, inayoua mbuzi?"

"Kwa sehemu, ni ile ile. Lakini ya kwenu inajaa shimoni, inaua papo hapo. Hii inachanganyika na hewa ya dunia nzima, inaongeza joto. Haimwangushi mtu barabarani."

"Haya ulimwambia?"

"Kengele ililia. Sasa tumeingia somo la sehemu za mmea."

Sehemu za mmea. Mwalimu mkuu, aliyekuja kwa sababu ya kelele, alinishika bega akasema nikiwa na malalamiko niyaandike. Nadhani alitegemea nitakwenda nyumbani. Nilikaa kwenye benchi la watoto, magoti yakinigusa kifua, nikaandika kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili ni hivi:

"Mimi ni mama wa mwanafunzi wa darasa la tatu, na ninalalamika rasmi. Mwalimu alimfundisha binti yangu kwamba ardhi iliyoganda inayeyuka na gesi inatoka, akaishia hapo. Leo mtoto amekimbia mvuke wa nyasi akaingia mbele ya teksi. Sisemi asifundishwe. Nasema mlimfundisha nusu, na nusu hiyo nusura imuue. Naomba somo lirudiwe darasani, lote: gesi hiyo inafanya nini na haifanyi nini, makaa ya mawe tunayochoma hapa kupata umeme yanahusika vipi, na watu wazima wanafanya nini kuizuia. Kama hawafanyi kitu, tuambieni sisi wazazi kwanza, si mtoto wa miaka minane. Mtuite siku hiyo. Nitafunga kazi nije, kwa sababu na mimi nataka kujua."