Jua Lilipopoa

Mama aliinama kunipa chai, na hakuwa na uso. Kitambaa cha kichwa nilikiona, masikio niliyaona, hata ushanga wa shingoni. Katikati, mahali pa macho na mdomo, palikuwa na kitu cha kijivu kama moshi uliosimama. Nikageuka nimtazame dadangu. Naye hana uso. Nikapiga kelele mpaka majirani wakaja. Nao nikawaona hivyo hivyo, watu wazima mlangoni bila nyuso, wananiuliza nina nini.

Jana yake jua lilikuwa limepatwa.

Nilikuwa darasa la nne, upande wa Moding. Kila Ijumaa mwalimu wa sayansi alitutoa nje tujifunze ardhi na mbingu. Tulichimba shimo tukaona udongo mweusi juu, mwekundu chini. Tulisimamisha kijiti tukafuata kivuli chake. Sitadanganya, nilipenda. Nilimwamini huyo mtu kuliko padri.

Siku ya kupatwa alitugawia vipande vya kioo vilivyopakwa masizi ya koroboi. "Jua likiwa kali, angalia kwa kioo. Likipoa, weka kioo chini uangalie kwa macho." Alikuwa ameyasoma gazetini. Baadaye sana nilielezwa kwamba gazeti lilisema habari za kaskazini, Turkana, ambako mwezi ungefunika jua lote, na hapo tu ndipo macho matupu hayaungui. Kwetu kilibaki kipande. Na kwetu jua kupoa ni jambo moja tu: halichomi ngozi. Likipoa ndipo tunaenda kuchota maji.

Likaanza kuliwa. Mwanga ukapungua, lakini si kama jioni. Ulikuwa kama mwanga wa ndani ya maji. Chini ya mvule, kila tone la mwanga lililopita kati ya majani likawa mwezi mwembamba, miezi midogo mingi ikitambaa juu ya mashati yetu. Ndege wakanyamaza. Kuku wa mwalimu mkuu wakaingia kulala, mchana.

"Mwalimu, limepoa?" nikauliza.

"Wewe unasikia joto?"

"Sisikii."

"Basi unaniuliza nini?"

Nikasita. Msichana aliyesimama karibu nami akacheka. "Wafuate kuku, mlango bado uko wazi!"

Nikaweka kioo chini nikatazama. Halikuuma. Hilo ndilo linalonitia baridi hadi leo, kwamba halikuuma hata kidogo.

Mama alinipeleka shuleni akinishika mkono. Uso wa mwalimu wa sayansi sikuuona, sauti niliijua. "Mama, huyu mtoto ni mkaidi. Nilimkataza." Mwalimu mkuu, ambaye alikuwa nasi uwanjani na kila neno alilisikia, akasema, "Ni kweli, mama."

Njiani mama alinichapa, huku analia. Ubaoni sikuona herufi tena, nikaacha shule. Hata haya ninaandika nikiwa nimegeuza kichwa, natafuta mstari kwa pembe ya jicho.

Mwalimu mkuu alishazikwa, akasifiwa sana. Wa sayansi yuko hai, anaishi Khunyangu, ana miwani mizuri, na Jumapili husoma Neno mbele ya kanisa. Mama pia yuko hai, na mpaka leo nikijikwaa huniambia, "Ungemsikiliza mwalimu."

Mwalimu, mama ameanza kuwa kiziwi. Njoo kabla masikio hayajaziba kabisa. Keti mbele yake, useme kwa sauti: ni nani alinikataza, na kwa maneno gani?