Mkanda Waliousifu Wote

Kuna Jumamosi moja ya kiangazi hainitoki kichwani, mwanangu, na ukinikuta nimekaa kimya ujue huenda nimerudi huko. Ilikuwa Kasulu, miaka ya tisini, ndani ya banda la video nyuma ya soko: turubai juu, mabenchi ya mbao chini, jenereta linanguruma nje. Mimi nilikuwa mtafsiri. Wewe unayetazama filamu kwenye simu ukiwa umejilaza huenda huijui kazi hiyo. Nilisimama pembeni ya televisheni na kipaza sauti, Mzungu akisema lake mimi nalitia Kiswahili, na palipokuwa pagumu naongeza Kiha kidogo. Watu wetu hawakutazama kimya. Waliuliza huyo ni nani, na kwa nini anamfuata yule, na mtafsiri alipaswa kujibu papo hapo, la sivyo angezomewa.

Nilipenda filamu kupita kiasi. Mama yangu alisema nimelishwa dawa na televisheni. Lakini mwaka ule likanipata jambo la kunitisha. Mikanda iliyofika na sifa kubwa, ile ambayo walimu wageni kutoka Dar waliisimulia huku wamefumba macho kwa utamu, haikunigusa hata kidogo. Mmoja ulikuwa wa tajiri aliyelia muda wote ndani ya nyumba ya vioo, na hadi leo sijui alililia nini. Wenzangu wakiisifu, mimi najiuliza kama moyo wangu umeharibika. Mtu ambaye kazi yake ni kupenda filamu afanyeje moyo ukigoma?

Na kulikuwa na Spesioza. Nilitaka kumwoa, naye alinitaka, ila baba yake, Mzee Bukuru wa Rungwe Mpya, alikuwa hajakubali. Mzee huyo alikimbia Burundi zamani akiwa bado kijana, akafyeka pori, akalima maharage na kulea watoto wake kanisani. Alisema hawezi kumpa binti yake mtu anayeshinda gizani akiipigia kelele televisheni. Nikamwomba aje siku moja tu, aione kazi yangu kwa macho yake, kisha aamue. Akakubali kuja Jumamosi mchana. Maulidi, mwenye banda, alikuwa amekwisha kutangaza mji mzima kwamba Jumamosi hiyo ni ile filamu ya vita iliyozoa tuzo zote.

Ijumaa niliitazama peke yangu, kama watafsiri tulivyofanya. Macho yalishiba kweli: moshi, farasi, kapteni mmoja na nesi aliyempenda. Ila mwanzoni, watu wakikimbia kijiji kinachoungua, kuna mama mmoja mzee anaishiwa nguvu. Wanawe wanamkalisha kando ya barabara, wanaondoka. Nikangoja nimwone tena, au basi wamtaje tu. Kapteni akacheza dansi na nesi wake, vita vikaisha, wakaoana. Nikaurudisha mkanda nikautazama upya, nikidhani nimepitiwa na usingizi. Mama hakuwepo.

Elewa miaka hiyo ilikuwaje. Wakimbizi wa Burundi walikuwa wakipita hapa kwenda kambini Mtabila, mafurushi vichwani, na neno la kwanza waliloulizana lilikuwa nani kabaki wapi. Nikasikia baridi moyoni. Badala ya kuisikiliza hiyo baridi, nikaenda kwa mwalimu mmoja mgeni, mpenda filamu mwenzangu, nikamuuliza kama yeye alimwona yule mama.

"Mama gani?" akacheka. "Bwana wee, ile ni sanaa. Usiitazame kishamba."

Nikajiambia kwamba wote hao waliousifu hawawezi kukosea, mgonjwa ni mimi.

Jumamosi banda likajaa hadi mlangoni. Mzee Bukuru alikuja na koti lake la kanisani, akakaa benchi la mbele na kofia mapajani, Spesioza pembeni yake. Nikaanza kutafsiri. Kijiji kikaungua. Mama akakalishwa barabarani. Muziki ukaingia, nesi akatokea, vijana wakapiga miluzi. Mzee Bukuru akainua mkono, kama mtu aliye mkutanoni.

"Mwana wanje, mwanangu," akasema, "yule mama aliyebaki, ni nani alimzika?"

Wachache wakacheka. Wengi hawakucheka, na nilijua kwa nini. Maulidi akanipungia mkono kutoka mlangoni niendelee. Sisi watafsiri tulikuwa na njia yetu ya mkato: pasipo na jibu, tulitunga. Ningesema majirani walirudi wakamzika vizuri, na banda lingetulia. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nikamtazama mzee yule usoni, yakanishinda kutoka. Nikabonyeza deki, picha ikasimama.

"Mzee, sijui," nikasema, na kipaza sauti kikalipeleka neno hilo hadi nje. "Nimeutazama mkanda huu nikimtafuta. Hayumo. Aliyeutengeneza amemsahau. Ndiyo maana mimi siupendi, hata kama wote wanausifu."

Kelele zilizozuka sitazieleza. Maulidi alinitolea maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele yako. Mzee Bukuru akavaa kofia, akatoka, na Spesioza akamfuata bila kugeuka. Nikaimalizia filamu hivyo hivyo, nikijua kwamba kazi imekwenda na mke amekwenda.

Jumatatu asubuhi mzee akaja nyumbani kwetu. Tukasalimiana kwa desturi ya huku, tukipiga makofi taratibu kwa heshima, tukaulizana habari za nyumba, za shamba, za ng'ombe wa jirani, hadi nikaona nitazimia kwa wasiwasi. Ndipo akakaa.

"Ule mkanda uliutazama kabla sijaja?"

"Ndiyo, Mzee."

"Moyo wako ulikwambia nini?"

"Ulisikia baridi. Nikaenda kumuuliza mwalimu mmoja."

"Ego, ndiyo. Halafu ukaenda kuuliza watu kama unasikia baridi?"

Nikakiri kwamba ndivyo.

"Usirudie. Mtu anayengoja kuambiwa kwamba ameumia, siku mwenzake akiumizwa mbele yake atangoja kuambiwa pia." Akavua kofia yake. "Mama yangu tulimkalisha kando ya barabara, ng'ambo ya mpaka. Miaka yote hii watu wananiambia amepumzika kwa Mungu. Wewe ndiye wa kwanza kusema, nilimtafuta, sikumwona."

Nikampa pole. Mzee akasimama, akajifuta macho kwa kiganja.

"Waambie wazee wako waje," akasema.

Mwanangu, nakuhofia, na sikufichi. Naona unavyosoma kwanza wengine wamesema nini, ndipo ujue kama umefurahi. Filamu ni jambo dogo, lakini macho ndiyo hayo hayo utakayowatazamia watu. Sikukatazi kuwasikiliza wanaojua kuliko wewe. Huenda wameona ambacho hukukiona. Ila usiwape moyo wako waushike. Ukiona mtu ameachwa, sema ameachwa, hata banda zima likikuzomea. Na usipojua, sema hujui, wala usimtungie aliyefiwa jibu la kumnyamazisha.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe moyo usioogopa kuwa peke yake. Na siku utakapoishiwa nguvu, kama sote tutakavyoishiwa, asikose kukupa mtu wa kuuliza uko wapi.