Pegi Sita Kambani

Mimi ni mtu asiyetulia. Nikifunga mlango narudi kuutikisa. Nikifika chini nakumbuka pasi, napanda tena orofa nne kuhakikisha nimeichomoa, na nikishahakikisha sijiamini. Wenzangu kazini kule Baba Dogo hunicheka nami hucheka nao. Lakini wasiwasi si jambo la kuchekesha. Mwenye nao huwaumiza watu huku akidhani anajilinda.

Katika ploti yetu hapa Kayole tunaanika nguo juu ya paa. Kuna desturi ambayo hakuna aliyeiandika mahali: mvua ikianza, yeyote aliye karibu anaanua nguo zote, zake na za wenzake, anazihifadhi kwake hadi wenyewe warudi. Pegi, vile vibanio vya nguo, anaziacha kambani. Kwa hivyo ukikuta kamba tupu yenye pegi zako, tulia, nguo ziko kwa jirani. Mwizi hana muda wa kurudisha pegi moja moja. Huwa anavuta tu na kukimbia.

Jumamosi moja nilianika mashati yangu matatu ya kazi, nikaenda kwa kinyozi. Mvua ikanipata kwenye kiti. Nilikimbia na kichwa kimenyolewa nusu, nikapanda hadi juu, nikakuta mashati hayapo. Pegi zilikuwepo, sita, zimepangwa vizuri. Niliziona. Sitajidanganya hapa, niliziona kabisa.

Hata hivyo nilitoa simu palepale, mvua ikininyeshea, nikaandika kwenye grupu ya ploti: "Mashati yangu matatu yameenda. Wezi wa hii ploti tunawajua, na wengine ni watu wazima wanaoshinda nyumbani."

Aliyekuwa akishinda nyumbani ni mmoja tu, mama wa mlango unaotazamana na wangu, mjane wa mfanyakazi wa reli, mzaliwa wa magharibi mwa nchi. Taifodi iliponilaza siku nne, ni yeye aliyeniletea uji asubuhi na jioni. Katika jiji hili lote, ndiye mtu pekee ambaye angeuliza niko wapi iwapo mlango wangu usingefunguka. Na ndiye niliyemwelekezea kidole, kwa sababu hasira hutafuta aliye karibu.

Majibu hayakukawia. "Aki huyo mathe!" "Hata sufuria yangu ilipotea hivyo tu." Nitasema ukweli: nilijisikia vizuri. Watu walikuwa upande wangu. Raha hiyo ilidumu mpaka niliposhuka ngazi.

Mlango wake ulikuwa wazi. Alikuwa akipiga pasi shati langu la tatu. Mawili yalikuwa yamekunjwa kitini, na simu yake ilikuwa mezani, grupu imefunguka.

"Kola zilikuwa zimelowa kidogo," alisema bila kunitazama. "Nikaona nisikupe hivyo. Shika, mwanangu."

Niliomba msamaha hadi maneno yakaniishia. Akasema si kitu. Nikaandika kwenye grupu kwamba nimekosea, kwamba mama hana hatia. Wale waliokuwa wepesi kunijibu mwanzoni walinyamaza. Mmoja tu alinitumia kidole gumba. Usiku huo niliinuka mara ngapi kusoma tena nilichoandika, kana kwamba ningekikuta kimebadilika!

Wiki mbili baadaye mvua ilianza mchana nikiwa nyumbani. Nilipanda mbio zaidi kuliko siku ile, nikaanua za kwake kwanza: leso, shuka, gauni la kanisa. Nikabisha mlango nikihema, na moyoni nilikuwa na furaha ya kijinga, nikidhani mambo sasa yatarudi yalivyokuwa.

Alizipokea kwa mikono miwili.

"Asante sana," alisema. "Lakini siku nyingine ziache zinyeshewe. Nikizikuta kambani, hakuna atakayeuliza zilikuwa kwa nani. Na zako nitaziacha hivyo hivyo, mwanangu."

Akafunga mlango taratibu. Nilitamani angeubamiza.